Mlango mpana peke yake hautoshi

Hapa Goma husemwa tangu zamani: panua mlango, weka mteremko, choo cha mtu wa kiti cha magurudumu kimekwisha. Bado sana.

Tuchukue huo mteremko. Kwa kuwa chini ni jiwe gumu la volkano, kuchimba shimo refu ni shida, hivyo sakafu ya choo huinuliwa. Kila sentimita 1 ya kimo inataka angalau sentimita 12 za urefu: sakafu ikiwa juu sentimita 60, mteremko ni mita 7.2. Ule wa mita 2 unamrudisha mtu kinyumenyume.

Mlango wenye uwazi wa sentimita 90 ufunguke kwa nje. Ukifunguka kwa ndani, mtu akianguka mwili wake unauzuia. Ndani paachwe duara la mita 1.5 la kugeukia. Kiti cha choo kiwe sentimita 45 hadi 48 kutoka sakafuni, na upande mmoja pabaki sentimita 90 tupu za kuhamia. Hapo hapo ndipo watu huweka pipa la maji, na kazi yote inaharibika. Vyuma vya kushikilia vifungwe kwenye nguzo au ukuta wa matofali. Kwenye ubao mtupu vitang'oka.