Kitufe cha kurudi nyuma hakiulizi seva

Malalamiko ninayoletewa mara kwa mara na wenye mifumo ya wavuti ni haya: mteja ametoka kwenye akaunti, anabonyeza kurudi nyuma, na salio lake bado linaonekana. Kwenye simu ya mtu binafsi hiyo ni kero ndogo. Kwenye kompyuta ya intaneti kafe, atakayekaa kiti hicho baada yake anasoma deni la mkopo wake bila nenosiri. Mtengenezaji naye anaapa kwamba ameweka heda (mstari wa maagizo unaotangulia ukurasa) ya `Cache-Control: no-cache`, basi kivinjari ndicho kibovu.

Kivinjari hakijakosea. Agizo la `no-cache` linaruhusu nakala ihifadhiwe. Linachokataza ni kuitumia tena kabla ya kuiuliza seva kama bado inafaa. Asiyetaka nakala ihifadhiwe kabisa anaandika `no-store`. Wanaotumia PHP, lugha ya programu za seva, hupewa agizo hilo bure: `session_start()`, inayoanzisha sesheni (kumbukumbu ya seva kwamba mtu ameingia), hulituma yenyewe, pamoja na `Expires`, tarehe ya mwisho wa uhai wa nakala, ya 19 Novemba 1981. Ukiiona tarehe hiyo usihangaike na saa ya seva. Imewekwa makusudi, ili ukurasa uhesabiwe kuwa umeshachacha.

Ila kurudi nyuma ni habari nyingine kabisa. Kanuni za kache (hifadhi ya nakala) za HTTP, waraka wa viwango RFC 9111 wa mwaka 2022, zinasema wazi kwamba historia ya kivinjari si lazima ifuate masharti ya uhai wa nakala. Firefox tangu toleo la 1.5, mwaka 2005, huugandisha ukurasa mzima kwenye RAM, pamoja na JavaScript yake na fomu uliyoiacha nusu, kisha huuamsha ukirudi. Chrome ya kompyuta ilifuata mwaka 2021. Hakuna ombi linalofika kwenye seva, kwa hiyo ukaguzi wako wa sesheni, hata uwe mkali vipi, haupati nafasi ya kufanya kazi. Kwa miaka mingi `no-store` ilitosha kuzuia mgando huo, lakini Chrome imeanza kulegeza sharti hilo, na mimi sitegemei tena heda peke yake. Sikiliza tukio la `pageshow`: `event.persisted` ikiwa kweli, ukurasa umetoka kwenye mgando. Hapo ficha yaliyomo, iulize seva kama sesheni ingali hai, na kama imekufa mpeleke mtu kwenye ukurasa wa kuingia.

Sasa usikimbilie kubandika `no-store` kila mahali. Orodha ya bidhaa au ratiba ya mabasi haina siri, na kuipakua upya kila mara ni kumla mtu bando lake. Huko ndiko `no-cache` inakofaa, ikiambatana na `ETag`, alama ambayo seva inaupa ukurasa ili kutambua toleo lake. Kivinjari kinarudisha alama ile kwenye `If-None-Match`, seva inalinganisha, na kama hakuna kilichobadilika inajibu 304 bila kutuma ukurasa. Mteja ameokoa MB zake. Seva yako, hapana: Express, zana ya kujengea seva kwa JavaScript, kwa mfano, huikokotoa alama hiyo kutokana na ukurasa uliokwisha kutengenezwa, yaani hifadhidata imeshasumbuliwa tayari.

Halafu kuna kitu kidogo kinachoharibu yote hayo. Fungua chanzo cha ukurasa wako, utafute tokeni ya CSRF (namba ya siri ya kuthibitisha kwamba fomu imetoka kwenye tovuti yako) iliyofichwa kwenye fomu, au ule mstari wa chini unaoandika saa, dakika na sekunde. Kinachobadilika kila ombi kinabadilisha alama, na 304 hutaiona hata siku moja. Toa saa hiyo, hakuna anayeisoma.

Usipotuma agizo lolote la kache lakini ukatuma `Last-Modified`, tarehe ukurasa ulipobadilishwa mwisho, kivinjari kinaruhusiwa kukisia nakala itadumu muda gani. Kipimo cha kawaida ni asilimia 10 ya umri: ukurasa uliobadilishwa siku 10 zilizopita unaweza kuhesabiwa mbichi kwa siku 1 nzima, huku bei kwenye hifadhidata imeshapanda.

Unapojaribu haya, ondoa kwanza tiki ya “Disable cache” kwenye zana za watengenezaji. Wengi wetu tunaiacha humo mwaka mzima, tukiangalia tovuti ambayo hakuna mteja hata mmoja anayeiona.