Mashine iliyokariri: kwa nini asilimia 98 inaweza isiwe na maana

Kila aliyepita shule anamjua mwanafunzi wa namna hii. Kameza mitihani yote ya nyuma, swali na jibu lake. Mwulize lile lile, anakujibu bila kupepesa. Mbadilishie kidogo tu, Juma aliyenunua maembe 12 awe Asha aliyeuza machungwa 15, anabaki kukutolea macho. Wanaofundisha kompyuta wana mwanafunzi wao wa aina hiyo, na kwa bahati Kiswahili kilikuwa na neno lake kabla kompyuta hazijaja: kukariri. (Tanzania kukariri ni kurudia darasa pia. Hata hapo neno halijakosea sana, maana modeli, yaani programu inayojifunza kutokana na mifano, ikikariri hurudishwa darasani.)

Tunasema modeli imekariri pale iliposhika mifano iliyofundishwa, pamoja na ajali na uchafu wake wote, badala ya kushika kinachoiunganisha mifano hiyo. Kwenye mifano ile ile inang'ara. Ikiletewa mpya, inaanguka.

Kwa nini itokee? Modeli, ukiivua majina makubwa, ni fomula yenye namba nyingi zinazorekebishika, pengine mamilioni. Unaionyesha picha ya jani, inataja jibu, ikikosea namba zake zinasogezwa kidogo, halafu inaletewa picha nyingine. Katika zoezi lote hilo hakuna mahali inapoambiwa ielewe. Inaambiwa ipunguze makosa, basi. Na ukiwa na nafasi ya kutosha kichwani, kukariri ni njia halali kabisa ya kupunguza makosa.

Mwaka 2016 Chiyuan Zhang na wenzake walilionyesha hili kwa jaribio ambalo mpaka leo linanichekesha. Walichukua CIFAR-10, mkusanyiko wa picha ndogo 60,000 za makundi kumi: ndege, magari, paka, vyura na kadhalika. Kisha wakavuruga majibu kwa kubahatisha. Chura akaitwa lori, paka akaitwa meli, bila mpango wowote. Hapo hakuna cha kuelewa, ni kama kufundishwa kitabu cha simu. Modeli zikajifunza hata hivyo, na katika picha 50,000 za kufundishia hazikukosea. Zilipopewa picha ambazo hazijawahi kuziona, zikapata kama mtu anayepiga ramli, moja kwa kumi.

Kwa hiyo alama za darasani hazituambii kitu. Ndiyo sababu sehemu ya data huwekwa kando kabla ya kufundisha, ikafungiwa kabatini kama karatasi za mtihani wa taifa. Kawaida mafungu huwa matatu: la kufundishia, la moko, na la mtihani wenyewe. Moko ni ya kuchungulia maendeleo. Makosa ya darasani yanashuka tu siku zote, lakini ya moko hushuka, yakafika chini, kisha yakaanza kupanda. Pale yanapoanza kupanda ndipo mwanafunzi ameacha kujifunza na kuanza kumeza, na watu wengi husimamisha mafunzo hapo hapo. Mtihani wenyewe haufunguliwi mpaka mwisho kabisa.

Sasa, sisi tunajua vizuri mtihani unavyovuja. Data nayo huvuja, na mara nyingi bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anaingia shambani kupiga picha za mihogo yenye magonjwa. Kila shina analipiga picha kumi: karibu, mbali, jua likiwa mbele, jua likiwa nyuma. Jioni anazichanganya zote kama karata, anatenga moja ya tano kwa ajili ya mtihani. Shina lile lile sasa liko pande zote mbili, nane darasani na mbili kwenye mtihani, likiwa na udongo ule ule na kivuli kile kile cha mpiga picha. Modeli inapata 98 na msimamizi anatabasamu. Alitakiwa kugawa kwa mashamba, siyo kwa picha: shamba zima liwe la kufundishia, au shamba zima liwe la mtihani.

Sayash Kapoor na Arvind Narayanan wa Chuo Kikuu cha Princeton walifuatilia uvujaji huu katika tafiti zilizokwisha kuchapishwa. Mwaka 2023 wakaripoti makala 294 zilizoathirika, katika nyanja 17 za sayansi. Hizo ni kazi zilizopita mikononi mwa wahakiki.

Na hata pasipovuja kitu, asilimia inahitaji kuulizwa ni ya nini. Tubaki kwenye mihogo. Maabara ya akili unde ya Makerere na wataalamu wa taasisi ya utafiti wa mazao ya Namulonge walitoa picha zaidi ya 21,000 za majani, nyingi zilizopigwa na wakulima wenyewe huko Uganda. Makundi ni matano: magonjwa manne, na jani lenye afya. Batobato, mmoja wa magonjwa hayo, peke yake ina picha zaidi ya 13,000. Piga hesabu: modeli ya kijinga inayojibu "batobato" kwa kila jani, hata bila kuliangalia, inapata alama 61 kwa mia. Mtu akikuletea 70 kwa data hii, hajafika mbali kama unavyodhani. Mimi nikisoma tasnifu ya namna hii, jedwali la matokeo naliacha kwanza. Natafuta ukurasa unaoeleza data iligawanywaje na kila kundi lilipata ngapi.

Kuna kukariri kwingine kwa hila zaidi, kunakofaulu hata mtihani uliofungwa vizuri kabatini. Mwaka 2018 John Zech na wenzake walichapisha utafiti wa modeli za kutambua nimonia kwenye picha za eksirei za kifua, zilizotoka katika mifumo mitatu ya hospitali Marekani. Modeli zilifanya vizuri hospitali zilikofundishiwa, na mara nyingi zikashuka zilipohamishiwa kwingine. Walipochunguza wakakuta kwamba modeli iliweza kujua picha imetoka hospitali gani, karibu bila kukosea. Njia mojawapo ilikuwa kile kipande cha chuma ambacho fundi wa eksirei huweka pembeni ya picha kuonyesha upande wa mwili, kwa kuwa kila hospitali ina chake. Na katika hospitali moja nimonia ilikuwa kwenye zaidi ya picha 30 kwa kila 100, ilhali nyingine ilikuwa kama moja tu. Ukishajua uko hospitali gani, nusu ya jibu unayo, na mapafu ya mgonjwa hujayatazama bado.