Noah ya miaka mingi: unayoambiwa gereji na yaliyo kweli

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hivyo Toyota Noah au Voxy iliyofika ikiwa na miaka 7, ikabeba watoto wa shule hapa Nairobi kwa miaka 10, tayari ina 17. Kwa umri huo gari halikosi kitu cha kuharibika. Hata hivyo, pesa nyingi zinazoachwa barabara ya Kirinyaga hununua spea ya kitu ambacho hakikuwa kibovu, kwa sababu mtu alikisia badala ya kupima. Dhana hizi ndizo huzaa kukisia huko, na nyingine utazisikia hata kwa fundi hodari.

"Taa ya injini ikiwaka, chomoa betri ikae kidogo."

Taa itazima, naam. Lakini umefuta ule msimbo wa hitilafu uliohifadhiwa kwenye kompyuta ya gari, uliokuwa umwonyeshe fundi pa kuanzia, na baada ya siku chache taa inawaka tena. Soma msimbo kwanza, uuandike mahali.

Tuseme umepata P0303, yaani silinda ya tatu haichomi sawasawa. Hapa wengi huambiwa wanunue koili zote nne, zile zinazopelekea plagi umeme wa cheche. Kuna kipimo cha bure: zima injini, fungua boliti ya koili ya silinda ya tatu (ukihesabu kutoka upande wa mikanda), uibadilishane nafasi na ile ya kwanza, futa msimbo, kisha zunguka na gari mtaani. Msimbo ukirudi kama P0301, kosa limeifuata koili, nunua moja tu. Ukibaki P0303, koili haina hatia. Angalia plagi, kisha inyekta, kisha kompresheni. Fundi asiyetaka kufanya jaribio hili la dakika chache ana haraka ya kuuza koili.

Jambo moja la pembeni. Kile kifaa kidogo cha Bluetooth cha kusomea misimbo kinaweza kushindwa kuongea na gari lililotengenezewa soko la Japani kabla ya mwaka 2008 hivi, hata kama kinaingia kwenye soketi bila shida. Usikubali kuambiwa kompyuta imekufa. Tafuta gereji yenye mashine ya kusoma magari hayo.

"Thamostati ni ya nchi za baridi. Gari likichemsha, itolewe."

Hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote, kwa sababu gari hutoka gereji likionekana limepona.

Thamostati huzuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake. Kwenye Toyota nyingi huanza kufunguka karibu nyuzi 82. Ukiitoa, asubuhi ya Julai unaweza kutoka Kikuyu hadi mjini injini haijapata joto sawasawa. Kompyuta, ikiona injini bado baridi, inaongeza petroli. Petroli isiyoungua na unyevu huishia kwenye oili, nawe unabaki kulaumu bei ya mafuta. Tena kuna injini ambazo thamostati hiyo hiyo huziba njia ya mkato ya maji. Kwenye injini hizo, ukiitoa maji mengi huzunguka bila kupita rejeta, na gari huchemsha zaidi likipanda mlima.

Kabla ya kuigusa, tazama mfuniko wa rejeta. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na hapa maji hutokota karibu nyuzi 94, wala si 100. Kinachookoa gari ni presha inayoshikiliwa na mfuniko huo, ule ulioandikwa 0.9 au 1.1 juu yake. Presha ikiwepo, maji hupita nyuzi 110 kabla ya kutokota. Mpira wa mfuniko ukikauka na kupasuka, presha inatoroka, na maji yanatokota kwenye joto ambalo injini hulifikia siku yoyote. Ndiyo sababu gari linaweza kutulia Mombasa kisha likafoka likitoka Mai Mahiu kupanda Rironi: mlima unaongeza joto huku mwinuko ukishusha kiwango cha kutokota. Injini ikiwa imepoa kabisa, fungua mfuniko uukague mpira kwa kidole. Ni kati ya spea za bei ya chini kabisa kwenye gari zima.

Baada ya hapo sikiliza tabia ya gari. Likichemsha kwenye foleni ya Jogoo Road na kupoa likipata mwendo, shuku feni. Likipoa kwenye foleni na kuchemsha mlimani, shuku rejeta iliyoziba. Maji yakipungua bila kudondoka chini, na moshi mweupe usiokatika hata injini ikipata moto, gasketi ya hedi inahitaji kupimwa kabla hujaendelea na safari.

"Maji ya bomba yanatosha, Nairobi hakuna barafu."

Kulanti haikuwekwa kwa ajili ya barafu peke yake. Inazuia kutu ndani ya alumini, inalinda sili ya pampu ya maji na kuongeza kiwango cha kutokota. Chumvi ya maji ya kisima huacha magamba ndani ya rejeta.

"Injini ikizeeka, ipe oili nzito."

Injini hizi zina VVT-i, mfumo wa kubadilisha wakati wa vali kufunguka, unaoendeshwa kwa presha ya oili kupitia vijitundu vyembamba. Ukiweka 20W-50 ilhali kitabu kinasema 5W-30, asubuhi oili huchelewa kufika juu. Injini inayokula oili kweli inaweza kupandishwa daraja moja, lakini kwanza jua inakwenda wapi. Moshi wa buluu unaotoka asubuhi ukiwasha, kisha ukakatika, mara nyingi ni sili za vali. Vali ya PCV, inayotoa mvuke ulio ndani ya injini, ikiziba nayo hula oili, na kuibadilisha ni kazi ndogo. Watu wameuziwa injini nzima ya Ex-Japan kwa sababu ya kijidude hicho.

"Oili ya giaboksi ni oili ya giaboksi."

Kosa hili ni la gharama kubwa. Noah na Voxy nyingi zina CVT, giaboksi ya otomatiki isiyo na gia za hatua, ambayo ndani yake kuna mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, na oili yake imeundwa ili mkanda ushike bila kuteleza. Toyota wana CVT Fluid TC na FE. Nissan wana NS-2 na NS-3. Ukimwaga ATF ya kawaida (oili ya giaboksi za otomatiki nyingine) humo, mkanda unateleza, mzunguko wa injini unapanda na gari haliongezi mwendo, kisha unaambiwa "CVT ni mbaya". Simama hapo fundi anapofungua chupa, usome lebo mwenyewe.

"Kujua kama altaneta inachaji, chomoa betri injini ikiwa inanguruma."

Usikubali. Umeme unaoruka wakati huo unaweza kuunguza kompyuta. Tumia mita: injini ikiwa imezimwa, betri nzima husoma karibu volti 12.6, ikiwashwa, 13.8 hadi 14.5. Basi.

"Gari likigonga kwenye mashimo, shoki zimekufa."

Kwanza linki za stabilaiza na bushi, ambazo hugonga kwenye mashimo madogo mwendo ukiwa wa pole. Mlio wa tak-tak ukikata kona ni CV jointi, kiungo cha ekseli inayozungusha gurudumu. Mvumo unaopanda na mwendo ni bearing ya gurudumu. Shoki iliyokufa mara nyingi hulowa oili, na gari huendelea kuyumba baada ya tuta.

"Mlango wa kuteleza ukigoma, mota imeungua."

Angalia kwanza swichi ya kuzima mlango wa umeme, maana watoto huibonyeza. Pili, kwenye minivan nyingi ambazo petroli hujazwa upande ule ule wa mlango, kifuniko cha tangi kikiwa wazi mlango haufunguki, kwa makusudi, usije ukagonga bomba. Tatu, safisha reli. Vumbi, mawe na maganda ya njugu hukaa humo kwa miaka, na gurudumu dogo la katikati huisha bila mtu kuliona. Kisha zima umeme wa mlango uusukume kwa mkono. Ukiteleza laini, hapo sasa una haki ya kuishuku mota au kebo yake.