Binti amevunja ungo, kamba aiweke kando?

Binti yangu ana miaka 12 na ameanza hedhi. Aendelee kucheza rede na wenzake?

Aendelee, tena sasa kuliko zamani. Kwetu mtoto akishavunja ungo huambiwa "wewe sasa mkubwa", kisha anahamia jikoni huku kaka yake akibaki uwanjani. Kwa mifupa yake, hasara. Takriban robo ya madini ya mifupa atakayokuwa nayo utu uzimani huwekwa ndani ya miaka 2 tu ya umri huu.

Kuruka kunaongezaje mfupa?

Mfupa una uhai. Anapotua chini kwa kishindo, mfupa hupindika kidogo mno. Seli zilizomo ndani hulihisi hilo na kuziita seli za ujenzi pale palipoelemewa.

Mwaka 1995 watafiti wa Ufini walipima mikono ya wanawake wachezaji wa tenisi na skwoshi. Ulikuwa ujanja mzuri: mtu yuleyule, chakula kilekile, homoni zilezile, ila mkono mmoja ndio unaopiga mpira. Mkono huo ulikuwa na madini mengi zaidi. Kwa walioanza kucheza kabla ya kuvunja ungo au wakati huohuo, tofauti ya mkono na mkono ilikuwa mara 2 hadi 4 ya ile ya walioanza miaka 15 na zaidi baadaye.

Michezo ipi inafaa?

Yenye kuruka, kukimbia na kugeuka ghafla: kamba, rede, netiboli, mpira wa miguu, ngoma. Kuogelea na baiskeli ni vizuri kwa moyo, lakini mfupa hauambulii mengi. Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 60 za mazoezi kila siku, na walau siku 3 kwa wiki ziwe na ya kuimarisha misuli na mifupa.

Akiwa kwenye siku zake?

Acheze, mradi ana pedi na haumwi.

Na chakula?

Maziwa, mtindi, na dagaa wanaoliwa wazima na miiba yao. Mchicha una kalsiamu, ila mwili huifyonza kidogo.

Mazoezi yanaweza kumdhuru?

Ndiyo, akijituma sana huku anajinyima chakula ili awe mwembamba. Homoni ya estrojeni hushuka, hedhi hukatika, na mifupa hudhoofika badala ya kukomaa. Hedhi iliyokwisha kuzoea kuja ikipotea miezi 3, mpeleke kituo cha afya.