Mombo hadi Lushoto kwa baiskeli ya mbio: gia, kona na breki

Kwenye karatasi, barabara ya Mombo–Lushoto, mkoani Tanga, haitishi. Ni kilomita 33 za lami, kutoka takriban mita 420 juu ya usawa wa bahari hadi karibu 1,400, yaani mwinuko wa wastani wa asilimia 3. Wastani huo unadanganya. Zaidi ya theluthi mbili ya kupanda kote kumelundikana kabla ya mji mdogo wa Soni, na Soni ni kama nusu ya njia tu.

Ukitazama ramani utaona sababu. Lushoto iko kaskazini moja kwa moja mwa Mombo, kilomita 11 hivi kwa mstari ulionyooka, lakini katikati umesimama ukuta wa milima ya Usambara. Kwa hiyo barabara inazunguka: inapanda bondeni kuelekea mashariki hadi Soni, kisha inageuka kurudi kaskazini-magharibi.

Gia ziamue ukiwa bado nyumbani. Baiskeli nyingi za mbio za mitumba huja na sahani ndogo ya meno 39 mbele na sproketi kubwa ya meno 25 nyuma. Kwa mizunguko 70 ya pedali kwa dakika, gia hiyo inakutaka uende karibu kilomita 14 kwa saa. Mwendo ukishuka hadi 9, miguu inazunguka mara 46 tu, na hapo magoti ndiyo yanayolipa. Sahani ya 34 na sproketi ya 32 inakuwezesha kwenda kilomita 9 na nusu kwa mizunguko ileile 70. Kabla ya kununua kaseti (seti ya sproketi za nyuma) ya 32, angalia kama direla ya nyuma, kifaa kinachohamisha mnyororo kati ya sproketi, inaibeba. Yenye mkono mfupi mara nyingi huishia 28, na ukilazimisha, gurudumu lake la juu litasugua sproketi. Mnyororo nao utahitaji kuongezwa pingili. Fundi akikuambia wa zamani unatosha, mwambie aupitishe kwenye sahani kubwa ya mbele na sproketi kubwa ya nyuma, macho yako yakiona kama unafika.

Mombo ni joto, na kilomita za mwanzo ndizo zinazowamaliza watu, kwa kuwa mwili bado una nguvu na kichwa hakijakubali kwamba huu ni mlima. Panda kwa mwendo ambao bado unaweza kuongea sentensi nzima. Beba chupa mbili za mililita 750, ujaze tena Soni, na maporomoko ya maji ya Soni utayaona ukiwa barabarani. Kutoka hapo kupanda kunalegea, na mwenye akiba ndipo anapoitumia.

Mimi nauogopa mteremko kuliko mpando. Barabara ni nyembamba, upande mmoja jabali, mwingine korongo, na kwenye kona malori ya mbogamboga na mabasi hutanua hadi upande wako. Ukisikia honi kabla ya kona, ipishe. Siku za gulio kaa macho zaidi. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, maji huteremsha udongo na kokoto na kuziacha ndani ya kona, palepale tairi linapotaka kupita.

Breki usizishikilie mfululizo. Rimu inapata moto, upepo ndani ya tyubu unatanuka, na mpira wa breki unalainika na kung'aa, ukipoteza mshiko. Acha baiskeli ikimbie kwenye mnyoofu, funga breki zote mbili kwa nguvu kabla ya kona, achia, kata kona, rudia. Rimu za kaboni zenye breki za mpira ziache nyumbani. Resini yake, yaani gundi inayoshikilia nyuzi za kaboni, haipendi joto hilo. Kwa tairi la milimita 28 na mwendeshaji wa kilo 75, upepo wa PSI 75 (kipimo cha shinikizo kwenye pampu) unatosha. Watu wanaojaza hadi 110 wanadhani wanapata kasi, kumbe wanapoteza mshiko.

Hesabu na jua pia. Ukishuka jioni kutoka Soni unaelekea magharibi, jua linakupiga usoni, wewe pamoja na dereva anayekupita kwa nyuma. Anza kushuka kabla ya saa tisa alasiri. Juni hadi Agosti Lushoto ina baridi ya kweli, na jezi iliyolowa jasho inakuwa baridi kali mwilini ndani ya dakika chache za mteremko. Koti jepesi la upepo linaingia mfuko wa nyuma. Huna? Gazeti chini ya jezi, kifuani, linafanya kazi ileile.