Haikupotea, iliwekwa kabati lisilo lake

Ukigusia historia ya Watu Weusi katika vyuo vikuu vya Marekani, hakosekani wa kusema kwa huruma: "Bahati mbaya, mengi yamepotea." Kauli ya adabu, ila haina ukweli mwingi. Chukua vyuo viwili vya mji mmoja, Georgetown na Howard pale Washington. Karatasi zipo. Cha kuuliza ni zimewekwa wapi, na kwa jina la nani.

Dhana: historia ya Weusi chuoni inaanza na mwanafunzi Mweusi wa kwanza

Ndivyo sherehe zinavyotuzoesha: picha ya kijana aliyevaa joho, mwaka chini yake. Harvard, kwa mfano, humtaja Richard T. Greener, aliyehitimu 1870. Hakuna ubaya kumtaja, lakini kuna waliotangulia, na hao hawakuvaa joho.

Georgetown ilianzishwa na Wajesuiti, shirika la mapadri wa Kikatoliki, mwaka 1789. Shirika hilo lilikuwa na mashamba Maryland, yakilimwa na watumwa. Madeni ya chuo yalipozidi, mwaka 1838 Padri Thomas Mulledy, mkuu wa Wajesuiti wa Maryland aliyewahi kuwa rais wa chuo hicho, aliandikiana mkataba wa kuwauza watu 272 kwa wenye mashamba wa Louisiana. Bei ilikuwa dola 115,000. Katika malipo ya awali, dola 17,000 zilikwenda kupunguza deni la chuo.

Mkataba wenyewe upo, na ndani yake mna majina. Wa kwanza ni Isaac, miaka 65. Anayefuata ni Charles, mwanawe mkubwa, miaka 40, kisha wadogo zake. Karani alitaka kuorodhesha mali. Bila kukusudia akatuachia ukoo mzima, baba na wanawe, kila mmoja na umri wake.

Dhana: waliouzwa walikufa wote, hakuna wa kuulizwa

Hii si porojo ya kijiweni. Mhitimu mmoja wa Georgetown alipouliza yaliyowapata watu wale, alijibiwa kwamba walifika kwenye vinamasi vya Louisiana, homa ikawamaliza mara moja. Jibu lenye manufaa makubwa kwa anayelitoa, maana marehemu asiye na mtoto hamdai mtu.

Sasa msikilize Cornelius Hawkins, mjukuu wa yule Isaac. Alipouzwa alikuwa na miaka kama 13. Alikua, akaoa kanisani, akapata watoto, akafa mwaka 1902. Kaburi lake lipo Maringouin, mji mdogo wa Louisiana, kwenye makaburi ya Wakatoliki, na lina jiwe lenye jina lake. Wakazi wengi wa mji huo leo ni wa uzao wa watu 272. Yupo pia Frank Campbell, aliyeuzwa akiwa kijana, akapigwa picha uzeeni. Picha hiyo ilikuwa kwenye hifadhi ya chuo kingine, Nicholls State, hukohuko Louisiana, na jina lake limeandikwa hapo. Wazao wake waliiona mwaka 2017.

Dhana: mtu asiyejua kusoma haachi kumbukumbu

Yeye huenda hakuandika, lakini aliandikwa. Watumwa wa Wajesuiti walibatizwa, wakafungishwa ndoa, wakazikwa, na kila mara padri alifungua daftari. Ongeza vitabu vya hesabu na orodha ya abiria wa meli iliyowapeleka kusini. Kinachochosha ni kuoanisha, kwa sababu jina moja huandikwa kwa namna tatu na jina la ukoo mara lipo, mara halipo. Anayeijua kazi hii ya kuunga nasaba nyumbani kwa kuwauliza mabibi anajua inavyokula muda.

Dhana: mkutubi kazi yake ni kupanga vitabu tu

Hapa ndipo Howard inapoingia, na hapa ndipo ninapopapenda. Chuo hicho, kinachojulikana kama chuo cha Watu Weusi, kilianzishwa 1867. Mwaka 1914 Jesse Moorland, mhitimu wake, alikikabidhi mkusanyo wake mkubwa wa vitabu na karatasi kuhusu Watu Weusi. Mwaka 1930 kazi ya kuutunza akapewa Dorothy Porter.

Alikuta tatizo dogo kwa macho. Maktaba nyingi zilipanga vitabu kwa namba za Dewey, kila mada na namba yake, na mfumo ule ulimjua Mtu Mweusi kwa milango miwili: 325, ukoloni na uhamiaji, na 326, utumwa. Mshairi Mweusi akitunga mashairi ya mapenzi, kitabu kinakwenda 325. Porter aliona huo ni upuuzi, akaupanga mkusanyo upya: mashairi yakae na mashairi, muziki na muziki, kila kitu chini ya jina la aliyekitunga. Bajeti hakuwa nayo. Aliwaandikia wachapishaji akiwaomba wamtumie vitabu bure. Akaendelea hivyo hadi alipostaafu 1973. Mwanafunzi anayetafuta mtunzi Mweusi leo, akampata, amepitia mlango uliofunguliwa na mama huyu.

Dhana: ukishaskani, umehifadhi

Picha elfu moja zilizoskaniwa bila majina ni stoo nyingine tu, safari hii ya kwenye kompyuta. Jina hutoka kwa mzee anayeweza kunyoosha kidole na kusema "huyu ni fulani," na mzee hasubiri bajeti ya mwaka ujao.

Dhana: jengo likibadilishwa jina, deni limeisha

Aprili 2017 Georgetown iliomba radhi, na jengo lililokuwa na jina la Mulledy likaitwa Isaac Hawkins. Miaka miwili baadaye wanafunzi walipiga kura, na theluthi mbili hivi wakakubali kila mmoja achangie dola 27.20 kwa muhula kwa ajili ya wazao wa waliouzwa. Tarakimu hizo hazikuokotwa: 272. Chuo hakikuupitisha mchango huo, kikaahidi kuchangisha fedha kwa njia nyingine. Wakati huohuo wazao waliendelea kufika hifadhini kuomba kuiona ile karatasi ya 1838, kila mmoja akitafuta mstari wake.