Blogu yako haihitaji Facebook ili isomwe

Ukimshauri mtu arudi kwenye blogu yake, jibu huja haraka: bila Facebook nani ataisoma? Wengi wanaamini njia ya kufuatilia blogu ilikufa Google ilipofunga Reader mwaka 2013. Si kweli hata kidogo. Kilichofungwa ni programu moja ya kusomea. Mlisho wenyewe, RSS, upo tangu 1999 na unaendelea kufanya kazi: ni faili dogo ambalo blogu hulitengeneza yenyewe, lenye kichwa cha habari, tarehe, kiungo na mara nyingi makala nzima. Msomaji akiweka anwani ya blogu yako kwenye Feedly, programu nyingine ya kusomea milisho, kila andiko jipya linamfikia. Podikasti nazo husambazwa hivyohivyo. Una blogu ya WordPress? Ongeza /feed/ mwishoni mwa anwani yake, utauona mlisho wake.